Muulize Fundi Reli: Ligeuze behewa tumbo juu kwanza, rangi utaisifia baadaye

Mwezi huu barua nyingi zimekuja za mabehewa ya abiria ya treni za modeli, zile ndogo za kuendesha mezani, na karibu wote mnauliza kitu kilekile kwa njia tofauti, lipi zuri kweli na lipi ni boksi tu. Nimechagua chache. Majina ya viwanda nimeyaacha kama yalivyoandikwa kwenye boksi ili mkienda kutafuta mjue mnatafuta nini.

SWALI: Shikamoo Fundi. Niko Hamburg, nimeanza hii hobi kwa ajili ya mwanangu ila ukweli ni kwamba mwanangu kashaacha nimebaki mimi. Nina kichwa cha treni cha HO cha Roco na huwa nanunua mabehewa ya mtumba sokoni Jumamosi, mengine ya Roco, mengine Fleischmann, moja Märklin, moja Lima. Yote yameandikwa HO, yote ni daraja la pili ya reli ya Ujerumani, lakini nikiyapanga hayalingani kabisa, hili fupi lile refu, la Lima linapiga kelele njia nzima, alafu hilo la Märklin nikiliweka tu relini kila kitu kinazima. Mke wangu anasema nimepigwa. Nimepigwa? (Baba Mapacha, Hamburg)

JIBU: Marahaba Baba Mapacha. Hujapigwa, mwambie shemeji atulie, ila umenunua bila futi kamba mfukoni na kwenye mabehewa ya abiria futi kamba ndo kila kitu.

Iko hivi. HO ni skeli ya 1 kwa 87. Behewa la kweli la Wajerumani la baada ya vita, lile la familia ya UIC-X ambalo nina uhakika ndo unalolikusanya, lina mita 26.4 bafa hadi bafa, yaani kutoka vizuizi vya kugongania vya ncha hii hadi vya ncha ile, gawanya kwa 87 unapata milimita 303. Sasa behewa la sentimita 30 kwenye meza ya sebuleni yenye kona kali linatia aibu, katikati linaingia ndani ya kona, ncha zinatokeza nje, koplingi, zile ndoano za kuungia mabehewa, zinavutana, basi viwanda vikaamua kukata urefu. Wengine wakatumia 1 kwa 100 kwenye urefu peke yake, unapata milimita 264. Wengine wakashika katikati, 1 kwa 93.5, ndo milimita 282. Upana na kimo wakaviacha 1 kwa 87 palepale, kwa hiyo ukiliangalia kwa mbele behewa liko sawa na mwenzake, ukiliangalia kwa ubavu ndo unaona limefinywa. Wote wanaandika HO kwenye boksi na hakuna anayedanganya, wamekaa kimya tu.

Fleischmann kwa miaka mingi alikuwa mtu wa 282. Märklin alianza na mabehewa ya bati ya sentimita 24, akaja 27, siku hizi yuko 28.2. Roco ameuza 264 na ameuza 303 zote mbili, ndo maana hata Roco kwa Roco kwako hayalingani. Ukitaka urefu kamili usiokatwa na udetaili wa kukutoa machozi, kuna LS Models na A.C.M.E., hao ni 1 kwa 87 bila kupunguza, lakini jiandae kwa bei, na jiandae pia kwamba vidude vya chini na ngazi za mlango ni vyembamba kama kitu cha sonara, mapacha wakishika mara moja imeisha hiyo.

Kipimo kingine kama huna futi: hesabu madirisha ya vyumba. Behewa la kweli la vyumba la daraja la pili la familia hiyo lina vyumba 12, la daraja la kwanza 10. Ukikuta pungufu ujue mtu wa kiwandani alikata chumba kizima, ukikuta 12 kwenye behewa fupi ujue kila dirisha limebanwa kidogo. Mi binafsi napendelea la madirisha yaliyobanwa kuliko lililoondolewa chumba, jicho linasamehe upana wa dirisha ila likishahesabu halisahau.

Kwa nyumba za Hamburg nnavyozijua mimi, yaani chumba kimoja mnagombania na meza ya kulia, chukua 282 na usione haya. Ukitaka 303 ni sawa ila tafuta kona kubwa. Kitu kimoja tu, usichanganye ndani ya treni moja. Tofauti ya 264 na 303 ni karibu sentimita 4 kwa behewa, watu wanaiona hata kama hawajui wanaona nini.

Sasa la Märklin. Mfumo wa Märklin una njia ya tatu ya umeme katikati ya reli, kichwa kinachukua umeme kwa kile kipande kirefu cha chini kinachosugua katikati, na reli zote mbili za pembeni ni upande mmoja wa umeme. Kwa hiyo wao hawana sababu ya kutenganisha gurudumu la kushoto na la kulia, ekseli ni chuma mwanzo mwisho. Wewe na Roco wako wa reli mbili, reli moja ni chanya nyingine ni hasi, ukiweka ekseli ya chuma tupu umeunganisha chanya na hasi, inapiga shoti, trasfoma inakata. Behewa ni zima kabisa. Badilisha ekseli tu, zinauzwa, na kama hutaki usumbufu basi tafuta Trix, huyo ni ndugu yake Märklin wa reli mbili. Ukienda sokoni tena beba testa, gusa gurudumu hili na hili la ekseli moja, ikilia liache au shusha bei.

La Lima ni ukingo wa gurudumu. Lima walikuwa Waitaliano wa Vicenza, walitengeneza treni za watu wa kawaida na nawaheshimu kwa hilo, mwaka 2004 wakaishia mikononi mwa Hornby wa Uingereza pamoja na Rivarossi na Jouef. Mabehewa yao ya zamani yana ukingo mrefu sana, kwenye reli za zamani zilizoinuka za kodi 100, yaani reli yenye kimo cha milimita 2.54, hausikii kitu. Reli zako kama ni Roco Line ni kodi 83, milimita 2.1, ukingo unashuka unagonga vile vishikizo vya reli kila taruma, ndo hiyo krakra-krakra unayoisikia. Weka magurudumu mapya ya chuma lipo jipya. Mwili wa behewa wala si mbaya.

Na kwa kuwa umeshaanza kununua mtumba, zoea hivi: ukishika behewa usiangalie rangi, ligeuze. Angalia ekseli, ncha zake ziwe kali na ziingie kwenye bushi vizuri, sukuma gurudumu kwa kidole, likizunguka mwenyewe kwa muda likatulia taratibu hilo ni behewa, likigoma palepale ni pambo. Angalia bogi, kile kigari cha magurudumu chini ya kila ncha ya behewa, inacheza kulia kushoto bila kugusa kitu. Angalia koplingi imekaa kwenye mfuko wa kawaida wa NEM 362 ambao unachomoa koplingi hii unachomeka nyingine, au imepigiliwa kwenye bogi moja kwa moja mtindo wa kizamani. Mazuri yana kile kidude kinachorefuka treni ikiingia kona na kurudi ndani ikinyooka, hapo bafa zinakaribiana kabisa kama treni ya kweli na kwenye kona hazigongani. Hapo ndo pesa ya behewa zuri ilipo. Rangi ndo mwisho. Hata rangi ukitaka kuipima tafuta Silberling, lile behewa la Wajerumani la bati la pua lisilopakwa rangi ambalo ubavu wake umechorwa viduara kama macho ya tausi. Lisogeze dirishani. Kwenye modeli nzuri viduara vinacheza na mwanga ukiligeuza, kwenye la bei ya chini ni rangi ya fedha tu imepulizwa.

SWALI: Fundi habari za kazi. Niko Leicester. Nina mabehewa ya Mk1 ya Kiingereza, mengine ni Bachmann, nikaletewa mengine ya Lima kwa mnada wa mtandaoni na yenyewe yameandikwa Mk1 na rangi ni ileile ya bluu na kijivu, ila yakikaa pamoja ya Lima yanaonekana kama watoto. Muuzaji anasema ni macho yangu. Na je, kwa Mk1 nani bora? (Mama Reli, Leicester)

JIBU: Macho yako ni mazima dada. Waingereza wao wana OO, 1 kwa 76, ila wanaendesha kwenye reli ileile ya upana wa milimita 16.5 ya HO. Ilianza zamani kabla ya vita, vichwa vya Uingereza vya kweli ni vidogo kuliko vya bara la Ulaya kwa sababu madaraja na mahandaki yao ni mabana, mota za wakati ule hazikuingia kwenye modeli ya 1 kwa 87, wakakuza mwili wakaacha reli. Wamebaki hivyo mpaka leo, reli nyembamba chini ya behewa pana, na wameshazoea.

Lima walipoingia soko la Uingereza miaka ya 70 walianza na HO, kwa akili tu ya kawaida kwamba Ulaya nzima ni HO, Waingereza wakakataa, Lima wakahamia OO. Kwa hiyo kuna Mk1 za Lima za aina mbili zinazunguka kwenye maboksi ya mtumba na muuzaji wako labda hajui au anajua. Pima. Mk1 ndefu ya kweli mwili wake ni futi 64 na nusu, kwa OO ni milimita 258, kwa HO ni 226 hivi. Upana futi 9 na inchi 3, OO ni 37, HO ni 32 na kidogo. Ukipata 226 rudisha, na usikubali hadithi ya macho.

Nani bora? Kwa Mk1 za kawaida Bachmann bado nampa, urefu sahihi, vioo vimekaa usawa na ubavu, chini kuna mabetri na mitungi ya breki iliyotengenezwa kweli siyo uvimbe wa plastiki. Kioo ndo pa kuangalia kwenye mabehewa ya Kiingereza. Ya zamani kioo kimezama ndani, unaona unene wa plastiki pembeni ya dirisha kama ukuta wa nyumba ya udongo, ndo maana watu walishangilia Airfix walipotoa Mk2D, behewa la Kiingereza la kizazi cha baada ya Mk1, mwishoni mwa miaka ya 70, kioo kimelala na ubavu, treni ikawa treni.

Na hapo kuna somo la mnunuzi wa mtumba ambalo watu hawalisemi. Moldi za Airfix, zile kalibu za kumiminia plastiki, zilihama, kampuni ikauzwa, moldi zikazunguka kwa wengine mpaka baadhi zikafika Hornby. Za Lima nazo zikaenda Hornby. Sasa unaweza ukalipa bei ya boksi jekundu jipya la Hornby ukapata plastiki iliyochongwa ukiwa bado shule ya msingi, na unaweza ukapata kitu kilekile kwenye boksi lililochanika kwa nusu ya bei. Hornby wenyewe hawafichi sana, ya moldi za zamani mengi wanayaweka kwenye safu yao ya RailRoad ya bei nafuu. Uliza moldi ya mwaka gani, jina la boksi lina mambo mengi.

SWALI: Kaka Fundi, Minneapolis hapa. Mabehewa ya Kimarekani, futi 85, yanaacha reli kwenye kona zangu kila mzunguko. Kona ni inchi 18. Rafiki ana ya Athearn ya zamani yanapita freshi. Ninunue kama yake? (Mbeba Boksi)

JIBU: Ya rafiki yako yanapita kwa sababu ni futi 72, Athearn wa zamani walifupisha makusudi. Futi 85 kwa HO ni milimita 297 hivi, kona yako ni milimita 457 kutoka katikati ya duara, hesabu haikubali hasa kama koplingi imefungwa kwenye mwili siyo kwenye bogi. Ikifungwa kwenye mwili treni inasukumika vizuri kinyumenyume, ikifungwa kwenye bogi inapita kona kali ila ukirudi nyuma bogi inasukumwa pembeni, huwezi kuwa na vyote. Walthers kwa mabehewa yao marefu wanataka inchi 24 na kuendelea. Kama meza haiongezeki nunua mafupi, yakipita mbele yako mwendo wa kawaida utayafurahia tu.

SWALI: Niaje Fundi. Niko Nairobi, niko na mabehewa matano ya milimita 264 niliyoletewa na auntie kutoka ng'ambo, ni mepesi sana, ya katikati yanaanguka ndani ya kona. Mafundi wa hapa wananiambia nibadilishe magurudumu yote lakini hiyo pesa sina. Na swali la pili, naweza pata modeli ya yale mabehewa yetu ya zamani, si ya SGR, yale ya reli ndogo? (Kijana wa Donholm)

JIBU: Poa sana. Usibadilishe kitu bado. Kuanguka kwa ndani ya kona ni uzito, kichwa kinavuta mbele, mabehewa ya nyuma yanavuta nyuma, lile jepesi la katikati linavutwa kama kamba inayotaka kunyooka, linalala. Wamarekani wa NMRA, chama chao cha watu wa treni za modeli, wana kanuni nzuri ya HO, aunsi 1 ya kuanzia na nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu. Behewa lako la 264 ni kama inchi 10.4, linatakiwa gramu 176 hivi. Liweke kwenye mizani ya jikoni. Mabehewa mengi ya Ulaya hayafiki hapo na yanatembea vizuri tu, kwa hiyo usikomae na namba, komaa na yote matano yawe sawasawa, na kama kuna zito zaidi liwe karibu na kichwa.

Uzito nenda kwa watu wa tairi, omba zile risasi za kubalansia ringi zilizotolewa, watakupa bure au kwa shilingi chache. Fungua paa, bandika sakafuni chini kabisa katikati ya njia ya abiria, gawa sawasawa juu ya bogi zote mbili ili lisielemee upande mmoja. Usibandike juu ya viti na usiweke karibu na paa, utalifanya lidondoke zaidi. Nawa mikono, ile ni risasi. Na kabla ya yote pima nafasi kati ya migongo ya magurudumu ya ekseli moja, iwe milimita 14.4 mpaka 14.5, ikiwa imebana chini ya hapo hata ukijaza mawe litaacha reli kwenye pointi, pale reli inapogawanyika. Gurudumu la namna hiyo unalivuta kwa mkono ukizungusha taratibu, hakuna cha kununua.

Swali la pili: reli yenu ya zamani, sawa na ile ya kati ya TRC huku Tanzania, ni geji ya mita moja, yaani nafasi kati ya reli mbili. Kwa HO inakuwa reli ya milimita 12, wanaiita H0m. Behewa la Afrika Mashariki la boksini dukani usilitafute, utachoka, njia ya kweli ni kununua chasisi na bogi za Bemo, hao wanatengeneza ile reli ya milimani ya Uswisi ya Rhätische Bahn ambayo nayo ni mita moja, na mwili uchonge mwenyewe kwa plastiki. Wewe uko Nairobi, una bahati, Makumbusho ya Reli yapo hapo hapo tangu 1971, nenda na futi na daftari, pima dirisha, pima kimo cha mlango, piga picha chini ya behewa maana huko ndo kila mtu anasahau. Gawa kila kipimo kwa 87. Geji ya SGR ni 1435, hiyo inakaa kwenye reli yako ya 16.5 bila shida ukija kuitaka. Ya TAZARA ni 1067, wengi wanaikubali kwenye milimita 12 vilevile.

SWALI: Assalaam alaykum ami Fundi. Mimi niko Maskati, nnayo mabehewa ya Pullman ya Hornby, yale ya kifahari yenye taa ndogo juu ya meza. Taa zinawakawaka kama zina hofu, na treni ikisimama zinazima kabisa. Nimeambiwa mabehewa ni mabovu. Kweli? (Bi Saada)

JIBU: Waalaykum salaam. Si mabovu, na umechagua kitu kizuri, zile taa za mezani kwenye vioo vya Pullman usiku ukizima taa ya chumba ni raha. Kuzima treni ikisimama si ubovu, ndo umeme wa kawaida wa DC ulivyo, unapopunguza mwendo unapunguza umeme wa reli, taa nayo inakula huohuo. Ukitaka iwake muda wote hamia dijitali ya DCC, huko reli ina umeme kamili wakati wote na kichwa kinaambiwa mwendo kwa ishara.

Kuwakawaka ni jambo jingine, ni vumbi, na huko kwenu vumbi halina likizo. Umeme unatoka relini, unapita gurudumu, unapita ekseli, unaingia kwenye kipande chembamba cha shaba kinachogusa, kila hatua pakikaa uchafu unakatika kwa nukta ndogo na jicho linaona. Futa magurudumu kwa pamba yenye spiriti mpaka pamba isitoke nyeusi, futa na reli, alafu angalia kile kipande cha shaba kinagusa kweli, ila usikikaze sana kwa sababu kila kinachogusa ni breki, mabehewa sita yenye taa yanaweza kukishinda kichwa ambacho kingevuta kumi yasiyo na taa. Hicho ndo kipimo changu cha behewa lenye taa, washa, alafu lisukume kwa kidole uone kama bado linaserereka.

Zikiendelea baada ya kusafisha, mpe fundi wa redio aweke daraja la diodi na kapasita ndogo kabla ya taa, na kizuizi kidogo cha umeme cha kuijaza taratibu. Mwambie aangalie upande wa hasi wa kapasita mara mbili kabla hajafunga paa, ikiwekwa kinyume inapasuka, na harufu yake kwenye viti vya Pullman haitoki leo wala kesho.